Darasa Bila Kuta: Miaka Kumi na Mitano ya Sarafu za Kijamii, kutoka Kongowea hadi Kwale

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, ardhi ya Msambweni, Kwale, haikupoteza rutuba, wala wakata miwa hawakusahau kazi yao. Mapanga yalikuwepo, mikono ilikuwepo, na njaa ya kutaka kufanya kazi ilikuwepo. Kilichotoweka ni shilingi. Mwenye duka aliyezoea kukopesha hadi mwisho wa mwezi akajikuta hana mwisho wa mwezi wa kungojea. Diani nayo imeyaona hayo zaidi ya mara moja: baada ya ghasia za Kaya Bombo mwezi Agosti 1997, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwaka 2014 Uingereza ilipowatahadharisha raia wake juu ya Mombasa, na mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege. Kila mara hoteli hunyamaza, na siku chache baadaye fundi cherehani wa Ukunda anakosa wateja ingawa watu bado wanararua nguo, na muuza samaki anarudi na samaki ingawa watu bado wana njaa.

Uchumi unaofundishwa vyuoni una majibu yake kwa hali hiyo: mahitaji yameshuka, ngojeni mtalii au mwekezaji arudi. Kwa miaka kumi na mitano sasa kumekuwa na watu Pwani waliokataa kuishia hapo. Walikwenda mtaani na vijijini wakiuliza swali ambalo mkulima wa Kinango analielewa haraka: kama wewe una mahindi na mimi nina cherehani, na sote tuna shida, kwa nini tukae bure eti kwa sababu noti hazikufika? Shirika lililokua kutokana na swali hilo linaitwa Grassroots Economics. Dunia inalijua kwa sarafu zake, lakini historia yake, kwa maoni yangu, ni ya ualimu kwanza. Ni historia ya watu waliojitolea kufundisha uchumi mwingine, wakikaa na wanafunzi wao kwenye mikeka na viti vya plastiki.

Mwanzo ulikuwa Kongowea, upande wa kaskazini wa Mombasa, mwaka 2010. Will Ruddick, Mmarekani aliyesomea fizikia na kuja Pwani kama mtu wa kujitolea, alishirikiana na wenyeji kuanzisha hati zilizoitwa Eco-Pesa. Mpango ulikuwa mwepesi kueleweka: anayezoa taka au kutunza miche analipwa kwa hati hizo, na wenye vibanda mtaani wanazipokea kwa bidhaa. Takribani tani 20 za taka ziliondolewa na vitalu vya miche vikaota. Nyuma ya Eco-Pesa, hata hivyo, palikuwa na shilingi za wafadhili, na hati ile ilisimama kwa sababu shilingi ilikuwa imeishika mkono. Waliokuwa karibu na kazi ile walitoka na swali zito zaidi: je, wenye vibanda wenyewe wanaweza kuwa dhamana?

Jibu lilijaribiwa katika mtaa wa Bangladesh, Mikindani, tarehe 11 Mei 2013. Hati za huko ziliitwa Bangla-Pesa. Tuitazame kwa karibu, kwa sababu wengi wameizungumzia bila kujua ilivyofanya kazi. Mfanyabiashara aliyetaka kujiunga alihitaji wanachama wengine wanne wa kumdhamini. Akikubaliwa, alitengewa hati za thamani ya shilingi 400. Nusu yake aliitumia mwenyewe, na nusu ikaingia katika mfuko wa kazi za jamii. Tangu hapo alibanwa na ahadi ya kupokea hati hizo dukani mwake. Basi chukua asubuhi ya siku ya kawaida. Muuza mandazi ananunua maji kwa mkokoteni na kulipa ishirini za Bangla-Pesa. Mwenye mkokoteni anazipeleka kwa kinyozi. Mke wa kinyozi anazirudisha kwa muuza mandazi kwa kifungua kinywa cha watoto. Hakuna shilingi hata moja iliyotoka mfukoni, lakini watu watatu wamefanya kazi na watoto wamekula. Zile shilingi chache zilizopo zimebaki kwa kodi ya nyumba na karo ya shule, mambo ambayo Bangla-Pesa haikuyaweza na wala haikudai kuyaweza.

Wiki mbili na nusu baadaye polisi walifika. Ruddick na wenyeji watano walikamatwa mwishoni mwa Mei na kufunguliwa mashtaka ya kughushi. Ilikuwa miezi michache tu baada ya uchaguzi, na Pwani ilikuwa katika joto la madai ya kujitenga. Minong'ono ikaenea kwamba hati zile zilihusiana na Mombasa Republican Council, kundi lililoongoza madai hayo. Wauzaji wa mboga na mandazi wakajikuta wanahesabiwa kuwa hatari kwa taifa. Kesi ilichukua miezi ya wasiwasi. Mwezi Agosti 2013 mashtaka yaliondolewa, na kufikia Novemba Bangla-Pesa ilizinduliwa upya.

Watu wa nje wanapoadhimisha historia hii huanza na kesi hiyo, kwa kuwa ina polisi na mahakama. Mimi naona jambo la kuadhimishwa zaidi ni kwamba wanachama walirudi. Mtu aliyeshuhudia jirani yake akipandishwa kizimbani kwa sababu ya karatasi ana kila sababu ya kuzitupa karatasi hizo jaani. Walirudi kwa sababu walikuwa wamefundishwa wakaelewa, na vikao vya kabla ya uzinduzi, ambavyo hakuna mwandishi wa habari aliyevijali, vilikuwa vimefanya kazi yake. Waliielewa hati ile kuwa ahadi ya jirani iliyoandikwa, na ahadi ya jirani haihitaji benki kuu ili iwe kweli.

Hapo ndipo penye kiini cha somo. Tangu Adam Smith achapishe kitabu chake mwaka 1776, wanafunzi wa uchumi wamekuwa wakihadithiwa kwamba hapo kale watu walibadilishana mbuzi kwa nafaka, wakachoshwa na usumbufu, wakabuni pesa. Mwaka 1913 Alfred Mitchell-Innes, mwanadiplomasia wa Uingereza, aliandika kwamba mambo hayakuwa hivyo: pesa ilianza kama deni, kama hesabu ya nani anamdai nani. Mwanaanthropolojia David Graeber aliurudisha mjadala huo kwa nguvu mwaka 2011. Kwa msomi wa Ulaya hili ni pambano la nadharia. Kwa mwanamke wa Ng'ombeni mwenye daftari la wadeni chini ya kaunta ni habari ya kila siku. Daftari lile ni benki. Dawa ya deni ni kulipa, na anayelipa anakopesheka tena. Wakufunzi wa kujitolea walichofanya ni kumwambia mwanamke yule kwamba anachokijua ni uchumi kamili, na kumwonyesha jinsi madaftari ya watu mia yanavyoweza kuunganishwa yakawa kitu kimoja.

Walikuwa na mifano ya mbali pia. Huko Wörgl, mji mdogo wa Austria, meya Michael Unterguggenberger alitoa hati za mji mwaka 1932 wakati wa mdororo mkuu wa dunia. Barabara zikajengwa na watu wakapata kazi, hadi benki kuu ya nchi ikazipiga marufuku mwaka uliofuata. Uswisi ina mtandao wa WIR, ambamo wafanyabiashara wamekopeshana kwa hesabu yao wenyewe tangu 1934. Fortaleza, Brazil, ina Banco Palmas, benki ya mtaa iliyoanzishwa 1998. Mifano hii ilisaidia kuondoa fikra kwamba watu wa Mikindani wanafanyiwa majaribio. Walikuwa wanajiunga na safu ndefu.

Baada ya Mikindani sarafu zilifika Nairobi, katika mitaa ya Gatina, Kangemi na Lindi. Kisha zikashuka Kusini. Miyani na Ng'ombeni, katika kaunti ya Kwale, zilipata sarafu zao, na hapa hadithi ikabadilika sura. Mjini mwanachama alikuwa mchuuzi. Kwale vijijini alikuwa mkulima, na mkulima hana bidhaa kila siku. Ana mahindi baada ya mavuno, ana maembe kwa msimu, na ana mikono mwaka mzima. Fundisho la mjini halikutosha, na wakufunzi walilazimika kukaa chini wawe wanafunzi.

Walichojifunza kinaitwa mweria. Ni desturi ya kulima kwa zamu inayojulikana kwa Waduruma na Wamijikenda wengine, na wazee wa Kinango hawaoni ajabu yoyote ndani yake. Mvua ya kwanza ikinyesha kila shamba lataka jembe kwa wakati mmoja, na hakuna familia inayoweza kulimaliza lake peke yake kabla ardhi haijakauka tena. Basi watu wanajipanga. Leo ni kwa fulani: wanafika alfajiri na majembe begani, wanasimama mstari mmoja, wanalima hadi jua linapoanza kuchoma, mwenye shamba anatoa uji au chakula. Kesho kutwa ni kwa mwingine. Asiyefika zamu ya mwenzake anatuma mtoto au ndugu, na asiyetuma mtu anajulikana. Hakuna anayelipwa siku ile, na kila mtu analipwa kabla msimu haujaisha. Yule aliyelimiwa kwanza ndiye mwenye deni kubwa, na aliye mwisho wa orodha ndiye aliyewakopesha wote. Mwenye kufahamu mambo ya benki akikaa kitako kuchora hesabu ya mweria, atapata mfumo wa mikopo isiyo na riba, wenye dhamana ya jina la mtu na uso wake.

Nashikilia kwamba hii ndiyo hatua kuu katika maisha ya taasisi hii, kuliko kesi na kuliko teknolojia iliyofuata. Sarafu ilikutana na kitu kilichokuwa hapo kabla yake na kukubali kuwa ndogo mbele yake. Kikundi cha Kinango kilipoanza kuandika zamu kwa sarafu, saa ya jembe iliweza kulipiwa kwa kilo ya unga, na zamu ya shamba ikabadilishwa kwa kazi ya kuchimba shimo la maji. Mweria ulipanuka ukaingia sokoni bila kuacha kuwa mweria.

Ikumbukwe pia jinsi pesa za serikali zilivyoingia katika vijiji hivi. Wakoloni walipotoza kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, waliidai kwa rupia, na rupia haikuota shambani. Ilipatikana kwa kwenda kufanya kazi kwa Mzungu. Uasi wa Wagiriama wa 1913 na 1914, ambao jina la Mekatilili wa Menza halitengani nao, ulipinga kodi hiyo pamoja na kulazimishwa kazi. Kitabu kinachoanza na mbuzi na nafaka hakina sura ya habari hii, ilhali mjukuu wa Mmijikenda anayesomea uchumi chuo kikuu anaihitaji kuliko michoro mingi anayokaririshwa.

Mwaka 2018 karatasi zilianza kuachwa na hesabu ikahamia kwenye blokucheni. Jina hilo linawatisha watu, lakini mwanakijiji hakuiona blokucheni. Aliiona simu yake ya kabambe. Anabonyeza namba fupi kama anavyofanya kwenye M-Pesa, anachagua kutuma, anaandika kiasi, anaweka namba ya siri. Hahitaji intaneti wala simu ya bei. Sarafu zile nyingi zikawa moja, Sarafu, na wanachama wakaongezeka.

Kisha ikaja korona. Soko likafungwa, shule zikafungwa, watoto waliokuwa wakitumiwa pesa na ndugu wa Mombasa na Diani wakakosa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na lile la Denmark yalisaidia kueneza Sarafu, na kati ya Januari 2020 na Juni 2021 watumiaji wapatao 40,000 walifanya miamala zaidi ya 400,000. Kinango ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotumia Sarafu kwa wingi zaidi. Kumbukumbu za miamala hiyo, bila majina ya watu, zimewekwa wazi kwa watafiti na kuelezwa katika jarida la Scientific Data mwaka 2022. Leo mwanafunzi wa Ulaya anaweza kuchora ramani ya jinsi unga na kazi zilivyozunguka katika kijiji cha Kwale wakati wa janga. Hesabu za hoteli za Diani kwa miezi ile ile hazina mtu aliyezifungua namna hiyo.

Ilikuwa fahari, na ilikuwa hatari pia. Watu 40,000 hawafundishiki kwa kasi waliyosajiliwa. Kikundi kilichokaa pamoja miezi kadhaa kabla ya kutoa ahadi kinajua kinachoahidi. Mtu aliyepata salio kwenye simu kwa siku moja anaweza kudhani ni msaada umeshuka, autumie, kisha akatae kupokea. Mwenye duka wa kwanza anayekataa anamvuta wa pili. Ndiyo sababu nasema mafunzo ndiyo taasisi yenyewe: palipokuwa na mtu wa kujitolea anayejulikana, anayeitisha kikao na kueleza tena na tena, sarafu ilidumu. Simu haikuweza kuchukua nafasi yake.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo haikukosa kuzua mjadala vikaoni: makato ya asilimia 2 kwa mwezi kwa Sarafu zilizolala. Mwanafikra wa Kijerumani Silvio Gesell alipendekeza pesa za namna hiyo zaidi ya miaka mia iliyopita, na hati za Wörgl zilikuwa nayo kwa asilimia 1. Lengo ni kumfanya mtu atumie, asifukie. Kwa mweka akiba inaonekana ni dhuluma. Kwa mkulima mwenye ghala ina maana ya wazi, kwa kuwa mahindi nayo huliwa na fukusi yakikaa. Nimesikia hoja za pande zote mbili na naona zote zina uzito. Kilicho kizuri ni kwamba wanakijiji wanajadili kanuni za pesa zao. Ni wapi pengine Kenya ambapo mwanamke wa kijijini anaulizwa pesa ziwe za namna gani?

Kuanzia 2022 mkondo uligeuka tena. Badala ya Sarafu moja ya wote, kila kikundi kilianza kutoa hati yake kwa jina lake, kikitaja waziwazi kilicho nyuma yake: kilo kadhaa za mahindi, siku kadhaa za jembe, nguo zitakazoshonwa. Hati za kikundi kimoja hubadilishwa na za kingine katika mfuko wa pamoja, kwa kiasi ambacho vikundi vinakubali kuaminiana. Ni kurudi kwenye wadhamini wanne wa Mikindani, kwa umbo kubwa zaidi, na kurudi kwenye mweria.

Wanaobeba kazi hii wengi ni wanawake wa vyama. Wanaweka daftari, wanakumbusha zamu, wanapatanisha aliyekosa na aliyekasirika. Hawana cheo wala mshahara kwa hayo. Majina yao hayamo katika makala za kisayansi. Ningependa siku moja mtu akusanye madaftari yao ya mwanzo, yale ya Miyani na Ng'ombeni na Kinango, kabla mchwa na mvua havijayachukua, kwa sababu ndiyo kumbukumbu halisi za taasisi hii.

Walimu hawa wa kujitolea wana ndugu wengi duniani, hata kama hawajawahi kukutana. Mwaka 2000 wanafunzi wa uchumi wa Paris waliandika barua wakilalamika kwamba wanafundishwa nadharia moja iliyojitenga na maisha. Mwaka 2014 vyama vya wanafunzi kutoka nchi nyingi vilitoa wito wa pamoja wa kutaka uchumi wa mikondo mingi ufundishwe. Tangu hapo vijana wa Ulaya wamekuwa wakiandaa shule za kiangazi kwa kujitolea, wiki moja au zaidi, ambamo wafuasi wa Marx, wa Keynes, wa uchumi wa mazingira na wa uchumi wa kifeministi hukaa meza moja. Afrika Mashariki ilitangulia. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, ambao mwenyekiti wao wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, waliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili. Mhadhiri Walter Rodney alishirikiana nao, na jarida lao la Cheche liliandikwa na wanafunzi wenyewe, wakiwemo Karim Hirji na Issa Shivji, hadi serikali ilipolifunga pamoja na chama chao mwaka 1970. Hakuna aliyepewa alama za mtihani kwa madarasa yale, na vitabu vilivyotokana nayo bado vinasomwa.

Mipaka ya kazi ya Kwale ni ya kweli na haifai kufichwa. Sukari, mafuta ya taa na dawa hutoka nje ya kijiji, na mwenye kuvileta anataka shilingi. Karo inalipwa kwa shilingi. Ukame ukipiga Kinango misimu kadhaa mfululizo, hakuna hati itakayoahidi mahindi yasiyokuwepo. Sarafu ya kijamii inaamsha kilicholala, haiumbi kisichokuwepo. Mgodi wa titani wa Base ulipomaliza uchimbaji Msambweni mwishoni mwa 2024, ajira zilizokwenda nao hazingeweza kujazwa na sarafu ya kijiji. Lakini swali la Ramisi la 1988 limerudi Msambweni lilivyokuwa, na safari hii kuna watu katika kaunti hiyo hiyo waliokwisha kulitafutia majibu.

Kwa hiyo nina pendekezo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina kampasi mjini Kwale. Mwezi Agosti, wakati wa likizo, iwekwe shule ya wiki mbili iliyo wazi kwa mwanafunzi na kwa mkulima. Siku za kwanza zitumike Kinango, majembe mkononi, kufuata zamu moja ya mweria tangu mwanzo hadi mwisho na kuiandika. Kisha waende Gazi, ambako tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaulinda msitu wa mikoko wa hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, na kuamua barazani fedha ziende kwenye maji au shule. Hapo wajadili kama msitu unafaa kuuzwa kwa tani, na wenyeji wawe wasemaji wa kwanza. Adam Smith asomwe pia, na Mitchell-Innes, na Elinor Ostrom, mtafiti wa mali za pamoja, na Rodney. Akina mama wa madaftari walipwe kama walimu wengine, kwa shilingi.